Baba, Mkonga Ulikuwa Unagonga

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika hilo neno halafu nikakaa nikilitazama, kwa sababu tangu niolewe nyumbani kwako sijawahi kukuamkia nikakosa kuitikiwa. Hata siku ulizoamka umekasirika, ulisema "marahaba" kwanza, ndipo ukanuna.

Ni mimi, Mama Neema, mke wa Shija wako. Niko mashineni hapa hapa Kagongwa, nimekalia gunia la mpunga nasubiri zamu yangu ya kukoboa. Mashine inapiga kelele na vumbi la pumba limejaa, kwa hiyo hakuna anayeniuliza naandika nini. Nyumbani ningeulizwa. Na ningejibu nini? Kwamba mkwe anamwandikia baba mkwe wake aliyezikwa? Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza wewe na mimi. Nilipokuja kutoka Ushirombo sikujua Kisukuma, na Kisumbwa changu wewe ulikuwa unakicheka, ukisema kinasikika kama mtu anayeongea huku anatafuna. Sasa Kisukuma nakijua, nagombana nacho hata sokoni. Lakini nikikukumbuka wewe mdomo unarudi kwenye Kiswahili.

Neema amepanda darasa. Bado anaruka kamba akihesabu kama ulivyomfundisha, moja, tano, tatu, sita, mbili, nne, jinsi moto unavyopokezana kwenye silinda sita za Mkonga, gari lako. Wenzake wanamwambia hajui kuhesabu. Mwalimu wake alinisimamisha njiani akaniuliza kwa upole kama mtoto ana shida yoyote kichwani. Nilicheka, halafu nikashindwa kumweleza. Ningeanzia wapi?

Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja. Majaruba ya mpunga ya chini yalizama, ya juu yametupa kitu. Mama, mkeo, anakula kidogo. Goti linamsumbua asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakutazama kama umemtukana. Hayo unayajua.

Habari iliyonifanya nichukue kalamu ni ya Mkonga. Nitaifikia, Baba. Niache nifike polepole.

Nakumbuka siku uliyoniita mara ya kwanza. Macho yako yalikuwa yameshaanza kwenda. Daktari wa Shinyanga alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Ulirudi nyumbani ukampa Shija ufunguo wa gari, wewe uliyepeleka mchele Nyarugusu kwa wachimbaji tangu yeye hajazaliwa. Yeye akawa dereva, na wewe ukabaki na injini. Uliijua kwa vidole, ulifungua plagi na kuzirudisha bila kuona. Kitu kimoja tu kilikushinda, nacho ni kile kidirisha cha kutazamia alama ya moto.

Nilikuwa naanua nguo. Ukasema kwa sauti, ukiwa umeinama kwenye boneti, "Mama Neema, wewe macho yako ni mazima?"

Nikasema ni mazima, Baba. Nikabaki nimesimama na nguo mkononi. Mkwe na baba mkwe hawasogeleani, kwenu hivyo na kwetu hivyo, na injini ile mtu akishika distribyuta, kile kinachogawa moto kwa plagi, na mwingine akitazama kidirisha, mabega yanakaribia kugusana. Wewe pia ulilijua hilo. Mama ndiye aliyetuokoa. Alikuja na kigoda na ungo wake wa choroko, akakaa katikati yetu kwenye kivuli cha gari, akaanza kuchambua kana kwamba hapo ndipo mahali pake siku zote. Na kweli pakawa mahali pake. Miaka yote ile hatukuwahi kuweka moto wa Mkonga bila Mama kukaa katikati.

Ulinieleza kwa uvumilivu ambao Shija anasema hukuwahi kumwonyesha yeye. Kwamba kila silinda ina plagi yake, na plagi inatoa cheche, na cheche isipotoka kwa wakati wake injini yote inaharibika tabia. Ikiwahi, injini inagonga. Ikichelewa, gari linakuwa zito, linachemsha, linakunywa petroli na halifiki popote. Kazi yote ni kulegeza nati moja na kuigeuza distribyuta kidogo, upande huu moto unawahi, upande huu moto unachelewa. Kidogo namna gani? Ulisema kama mtu anayegeuza kichwa cha mtoto aliyelala asimwamshe.

Ukaifunga taa yako ya kuwekea moto, ile inayomulika kila cheche inapotoka, kwenye waya wa plagi ya kwanza, ukanielekeza pa kumulika. Nyuma ya injini, chini, kidirisha kidogo kama kiberiti. Ndani yake linapita gurudumu kubwa la chuma, na kwenye gurudumu hilo wametia gololi ndogo kama punje ya choroko. Juu yake kuna mshale. Ulimwambia Shija awashe. Nikaona, Baba. Gurudumu linakimbia kwa namna ambayo ukitia kidole kinaondoka, lakini taa ikipiga, ile gololi inasimama mbele yako. Imetulia kabisa. Nilipiga ukelele nikasahau adabu, nikasema, "Baba, imesimama!"

Ulicheka. Sijui kama ulikuwa umecheka tangu Shinyanga.

Nikawa macho yako. Nasema "bado", nasema "imepita", nasema "hapo hapo". Wewe unageuza. Na kila mara, nikishasema hapo hapo, nilidhani tumemaliza, na wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Ulisema alama ile iliwekwa injini ikiwa mpya na petroli ikiwa petroli. Mkonga umezeeka, na mafuta ya kwenye chupa kule Nyarugusu hayafanani na ya kituoni hapa. "Alama inatupa pa kuanzia. Sasa nyamazeni." Mama alisimamisha mikono kwenye ungo. Ulimwambia Shija apige resi, aachie, apige tena. Uliinamisha kichwa kama padri anayesikiliza maungamo. Ukagusa distribyuta, mguso ambao mimi mwenye macho sikuuona umeisogeza. Kisha ukakaza nati ukasema twende kula.

Nilikuuliza siku moja unasikia nini. Ukasema, "Nasikia inapoacha kulalamika." Nikakuuliza inalalamikaje, ukasema utanionyesha. Ulijaribu kunionyesha. Ulisema sikiliza, hii imewahi, kuna kitu kinatikisika ndani kama kokoto kwenye kopo. Nilisikia kokoto, ndiyo, zikiwa nyingi. Zikipungua nilikuwa nasikia injini tu. Injini, injini. Ulisema masikio yanachelewa kukua kuliko macho, tutafika. Nikaamini tutafika.

Halafu ukaanguka uani ukiwa unanawa uso.

Pale hospitali Kahama walisema ni kiharusi. Upande wa kushoto ulikufa wote na maneno yakaondoka. Ulikuwa unatutazama, sijui kwa kiasi gani macho yale yalituona. Na mkono wako wa kulia ukaanza ile kazi. Ulikuwa unauinua kutoka kwenye shuka, unashika kitu hewani, unakigeuza. Kidogo kulia, unasubiri, kidogo kushoto. Shija alidhani unataka maji. Baba Mdogo Luhende, mdogo wako, alisema unasali, akakutia rozari mkononi, ukaiachia ikaanguka. Nesi alisema ni mishipa tu, inatokea kwa wagonjwa hawa.

Mimi nilisimama mlangoni, kwa sababu ya ule umbali wetu. Nilijua unageuza nini. Au nilidhani najua. Nilitamani kusema "bado, Baba", nilitamani kusema "hapo hapo", pengine ungepumzika. Chumba kilijaa ndugu zako. Na tuseme ningesema, ningejuaje ni wapi? Hapakuwa na gololi. Uligeuza na kugeuza mpaka mkono ukachoka, na asubuhi nilipokuwa nje nachemsha uji nikasikia Mama amelia, nikajua.

Hukuniachia neno. Hukumwachia mtu neno.

Tulikurudisha kijijini kwenu kwa Mkonga. Shija alikataa gari la kukodi, alisema Baba anaenda na gari lake. Alikuwa amefika kutoka machimboni kwa haraka, na petroli ilikuwa ileile ya chupa za Nyarugusu. Sisi wanawake tulikaa nyuma na jeneza, tukilishika lisiteleze. Nilikuwa upande wa kichwa chako. Tulipoanza kupanda kile kilima cha kuingia kijijini, Shija akakanyaga, na Mkonga ukaanza kugonga. Kokoto kwenye kopo, Baba, kutoka chini mpaka juu. Niliisikia vizuri kuliko siku yoyote uliyonifundisha. Wenzangu walikuwa wanaimba. Mama peke yake aliacha kuimba. Alinitazama juu ya jeneza, mimi nikamtazama, na hatukuwa na la kufanya. Huwezi kusimamisha msiba kilimani useme moto umewahi. Nilijikuta nasubiri sauti yako itoke ndani ya sanduku, iseme rudisha kidogo.

Tulikuzika vizuri. Watu walikuwa wengi, wapo waliotoka Maganzo, wapo wachimbaji waliokuja na matope yao kwenye buti. Kila mmoja alikuwa na habari ya siku ulipomvusha mtoni au ulipomkuta njiani. Wabeja sana, asante sana, walikuwa wanasema kaburini, mmoja mmoja.

Baada ya hapo Mkonga haukukaa sawa. Shija si mzembe, usimfikirie hivyo. Aliupeleka kwa fundi Kahama, kijana mwenye heshima, akabadilisha plagi na waya na kifuniko cha distribyuta, na alipoifungua na kuirudisha, ule mguso wako wa mwisho ukaondoka. Sijui niuite nini. Mguso huo ulikuwa ndani ya gari, mpaka siku ile tulikuwa bado tunao. Fundi alifuata alama, akafanya sawasawa kama alama inavyotaka. Gari likarudi linagonga. Shija akalirudisha, fundi akachelewesha moto, likarudi zito, likachemsha njiani na mzigo, abiria wawili wakashuka wakatembea. Fundi akasema kwa kweli injini hii imechoka, jamani, iacheni.

Ndugu wakakaa kikao. Baba Mdogo Luhende alisema wenye magari kama haya wote walishang'oa injini za petroli wakaweka za dizeli, ni sisi tu tuliobaki na la makumbusho. Alisema Mzee aliishikilia kwa mapenzi, na mapenzi hayo amekwenda nayo. Shija akasema pengine ni kweli. Mimi nilikuwa nagawa chai. Mkwe hana kauli kwenye kikao kama kile, na hata ningekuwa nayo, ningesema nini? Kwamba injini ni nzima? Sikujua kama ni nzima. Nilijua tu jinsi ilivyokuwa ukiwa umeinama juu yake.

Walipokaribia kuinuka, Mama akasema.

"Kabla hamjaing'oa, nataka niisikie mara moja kama alivyoiacha."

Akanigeukia mimi, mbele ya wote. "Mama Neema ndiye aliyekuwa naye."

Shija akanitazama kana kwamba ameniona sasa hivi. Akasema sawa. Alikuwa anakwenda Nyarugusu kwa lori la mtu kuwaeleza wateja wake, akirudi atarudi na watu wa dizeli. Mpaka hapo gari ni letu, mimi na mama yake.

Tulianza siku hiyohiyo, jua likiwa bado kali. Mama alileta kigoda akakiweka palepale. Hapakuwa na mtu wa kushika distribyuta upande wako. Nikajikuta nina kazi zote mbili. Nilimwomba dada wa nyumba ya pili aje akanyage mafuta nikimwambia, akaja na kitenge chake kizuri akaketi kwenye usukani akiogopa. Nikachomoa ule mpira mwembamba wa upepo, nikauziba na kijiti kama ulivyokuwa unafanya. Nikalegeza nati. Nikafunga taa. Nikamulika, na gololi ikasimama mbele yangu, ileile, kwenye mshale.

Nikazima taa. Nikasema piga resi. Mkonga ukagonga.

Nikarudisha kidogo. Nikasikiliza. Injini. Nikamtazama Mama.

"Siyo hivyo," akasema.

Nikarudisha tena. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza Mama, irudi zaidi au iende mbele? Akanyanyua mikono kutoka kwenye magoti akaishusha. Akasema yeye hajui mambo ya mbele na nyuma, anajua tu siyo hivyo. Kila nilipogeuza alifumba macho akasikiliza kwa nguvu zake zote, halafu anasema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi, siyo hivyo. Nilikuwa nimeshika distribyuta, inaunguza vidole, na mbele yangu amekaa mtu mwenye masikio yako yote, bila njia yoyote ya kuyatoa kichwani mwake kuja mkononi mwangu.

Tuliacha. Kesho yake tukaanza tena. Dada wa jirani akawa mzoefu, akawa anapiga resi kabla sijamwambia. Tulipoteza petroli. Nilijaribu kwa kufikiri, nikajaribu bila kufikiri. Nilijaribu hata kuinamisha kichwa kama wewe, nikaona aibu.

Na ndipo ikatokea, Baba. Sijui nilifanya nini. Nilikuwa nimechoka, mkono ukiwa umelala tu juu ya distribyuta, na nadhani ni mtikisiko wa injini wenyewe ulioisogeza. Sauti ikabadilika. Ilishuka, ikawa nene na laini, ikakaa. Hata dada kwenye usukani aliinua kichwa. Nikasema piga resi, na Mkonga ukapanda bila kokoto hata moja, ukashuka kama mtu anayekaa kwenye kiti chake.

Mama alijifunika uso na khanga.

Hakusema ndiyo. Hakuhitaji. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nami nikasimama pale nalia wazi wazi, na dada wa watu akabaki kwenye usukani hajui azime au asizime. Nikasikia, Baba. Niliisikia ile uliyokuwa unaniambia. Inapoacha kulalamika. Nimechelewa namna gani kuisikia.

Nikachukua spana nikakaza nati.

Unajua kilichotokea. Wewe ulikuwa unashika distribyuta kwa kiganja huku unakaza, na kidole gumba kinakuambia ikitaka kuzunguka. Hukuwahi kunieleza hilo, nilikuwa nimeliona tu bila kujua ninachokiona. Nati ilipokaa, distribyuta ikafuata kidogo. Upana wa uzi. Sauti ikaenda.

Mama akashusha khanga. Hakusema siyo hivyo. Alinitazama tu, na mimi nikalegeza upesi, nikatafuta, kulia, kushoto, kushoto zaidi, mpaka injini ikachemka tukazima. Ikapoa tukawasha. Hatukuipata tena. Siku hiyo hatukuipata, na siku zilizofuata hatukuipata, na mwishoni petroli ikawa imeisha na Mama akabeba kigoda chake mwenyewe akakirudisha ndani.

Shija alikuja na watu wawili na injini ya dizeli imefungwa kwenye turubai. Walisimamisha nguzo tatu uani, wakaning'iniza mnyororo. Mimi nilidhani watahangaika, injini ya miaka yote ile, lakini ilitoka kirahisi. Ikaning'inia, inachuruzika oili, ndogo kuliko nilivyofikiri. Wakaishusha kwenye mkokoteni wa mtu wa chuma chakavu.

Nilidhani Shija atakuwa na furaha ya kumaliza. Alimwambia mwenye mkokoteni asubiri. Akaweka mkono juu ya injini, pale ulipokuwa unaweka wako, akakaa hivyo. Sijawahi kukuambia hili, lakini yeye aliumia ulipoanza kuniita mimi. Alisema mara moja tu, akiwa ameshiba na amesahau kujilinda, kwamba wewe kwake ulikuwa unapiga kelele na kwangu unaeleza. Sasa akanigeukia, uso wake kama wa mtoto.

"Baba alikuwa anasikia nini?"

Baba, nilikuwa nimeisikia. Ni mimi peke yangu na mama yake tulioisikia. Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia ni nene, ni laini, inakaa. Ni maneno ya nini hayo? Nikamwambia sijui kuieleza. Akaitikia kwa kichwa, akamruhusu mtu wa mkokoteni aende, akaenda kunawa mikono.

Basi Mkonga sasa ni wa dizeli. Una nguvu, sitasema uongo. Unapanda kile kilima na mzigo wote bila kubembelezwa, na haudai mtu ainame juu yake. Hauna plagi, hauna cheche ya kuwahi wala kuchelewa kwa namna yetu. Taa yako nimeifunga kwenye kitambaa nikaiweka juu ya kabati. Shija ameanza kupata wateja waliokuwa wamehama. Mchele unafika. Huwezi kumlaumu mtu kwa hayo, na mimi simlaumu.

Lakini siku ya kwanza aliporudi nalo kutoka safari, tulikuwa jikoni, Mama na mimi. Gari lilipita mashineni, likapita kanisani, likakata kona. Zamani Mama akilisikia likiwa mashineni alikuwa anainuka, anaweka maji ya kuoga motoni, na wewe ulikuwa unayakuta yamepata moto. Hakuwahi kukosea, hata siku za soko barabara ikijaa magari. Siku hiyo lilifika mpaka mlangoni, likazimwa, na yeye alikuwa bado anakoroga mboga. Shija alipoingia na kusema shikamoo Mama, alishtuka mpaka mwiko ukaanguka. Akamuuliza, "Umekuja na nini?"

Kila siku sasa ni hivyo. Magari ya dizeli yamejaa barabara ile, na kwake yote ni sauti moja. Anakaa kwenye mlango wa jikoni jioni, amegeuza uso barabarani, anasikiliza, na hakuna linalokuja. Nimemwambia atazoea. Anasema ndiyo. Hajazoea. Nimemwona akiinuka kwa lori la mtu mwingine, goti likimuuma, akatia maji motoni, yakachemka mpaka yakapungua.

Zamu yangu imefika, wananiita. Kuna mengi sijaandika na sijui kama yana maana huko uliko. Kaburi lako tumeliwekea mawe, Neema alipanga yeye mwenyewe. Tukija mwakani baada ya mavuno tutalijengea vizuri.

Kuhusu injini siwezi kukuahidi chochote, haipo. Kuhusu masikio yangu pia siahidi. Ninachoweza ni hiki: nimekubaliana na Shija awe ananipigia simu akifika mashineni. Simu ikilia nitamwambia Mama, mwanao amefika mashineni, weka maji. Nitamwambia kila siku, gari likitoka na likirudi, mpaka siku atakayoniambia nyamaza, nimelisikia. Na isipofika siku hiyo, nitaendelea kumwambia.

Kwaheri, Baba. Lala. Hakuna anayekuhitaji uinuke.

Mkwe wako,
Mama Neema